Anayenguruma Mikokoni

Barabara ile inakufa mikokoni. Lami huishia kwenye kibanda cha kupigia pasi, zikafuata hatua kumi za changarawe, kisha tope, kisha mikoko yenyewe, imesimama na mizizi nje kama watu waliokunja suruali ili wavuke maji. Mbele ya kibanda kuna benchi refu la mbao lililotolewa kwenye zahanati ya meno siku ilipohama, na pengine ndiyo maana mtu akilikalia kwa mara ya kwanza hufumba mdomo. Woga huo haudumu. Mwenye kibanda anaitwa Pasi, mtu mnene, mpole, mwenye methali kwa kila jambo, ila ni mara chache methali na jambo hukutana. Pembeni yake hukaa fundi viatu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani hata kwa ushahidi, lakini wamemwita Wakili kwa sababu hakuna hoja anayoiacha ife kifo chake. Mama Birika huja na jiko lake mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri, na asipokuja hakuna kijiwe, kuna wanaume wawili wamekaa tu. Mwisho wa benchi, upande wa kushoto kabisa, hukaa Boila.

Watu walidhani Boila anapenda ule ukingo kwa ajili ya upepo. Hakupenda upepo. Alikaa pale kwa sababu ukiwa mwisho wa benchi unaweza kugeuka kidogo ukaona midomo ya wote.

Miaka ishirini na tisa alifanya kazi katika chumba cha mitambo cha kiwanda cha barafu. Chumba hakikuwa na dirisha. Injini tatu zilivuma bila kupumzika, na mtu akitaka kumwambia mwenzake neno ilibidi amshike bega na kumpigia kelele sikioni. Alipostaafu alitoka na saa ya ukutani, cheti, na lile jina la Boila. Masikio aliyaacha humo ndani. Si yote, maana sauti nene bado zilimfikia: lori, radi, mlango uliobamizwa. Zilizompotea ni zile nyembamba, moja baada ya nyingine, bila kuaga. Ndege wadogo walitangulia. Ikafuata simu, kisha watoto, kisha wanawake. Sauti za wanaume alizipata vipande vipande, akajaziliza kwa macho. Kijiweni wenzake wakicheka naye alicheka, akichelewa kidogo tu.

Hakumwambia mtu. Kiwandani alimkuta fundi aliyemtangulia, mzee waliyemwita Gogo kwa sababu alikuwa hasikii. Vijana walimsema wakiwa nyuma yake na kumchekea wakiwa mbele yake, na siku aliyoondolewa kazini walimwimbia maneno ambayo yeye, akiona midomo imefurahi, alidhani ni ya kumuaga vizuri, akapunga mkono. Boila alikuwa mmoja wa waimbaji. Tangu siku alipogundua kwamba hasikii maji yakichemka, ule mkono wa Gogo ulikuwa ukimpungia kila siku.

Basi akaficha, na kuficha kukazaa baya zaidi. Ilikuwa asubuhi ya kufua. Mke wake alikuwa kwenye ua wa nyuma, akateleza kwenye povu la sabuni, akaangukia mkono. Akaita. Yeye humwita mumewe "Mwenzangu", hajawahi kumwita kwa jina lingine tangu waoane. Aliita mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa nguvu, na mara ya tatu mtaa wa pili wakasikia. Aliyekuja mbio ni jirani mshonaji, kuta mbili mbali. Jirani alipomwinua na kumwingiza ndani, Boila alikuwa ameketi sebuleni, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa ua, redio mbovu imefunguliwa mapajani na bisibisi mkononi, ametulia.

Alisema alikuwa amesinzia. Mke aliitazama bisibisi. Mkono ulifungwa plasta, na tangu siku ile maneno nyumbani yakawa yale ya lazima tu: chakula tayari, maji yamekatika, nakwenda kliniki. Siku arobaini na kitu. Mwanamke alikuwa ameamini kwamba mumewe alimsikia akaona uvivu kuinuka, na mwanamume alikuwa ameona heri adhaniwe hana huruma kuliko adhaniwe hana masikio.

Usingizi ukamhama. Alfajiri moja, amekaa barazani peke yake, akasikia kitu.

Alikisikia kwanza kifuani. Mlio mnene, mzito, uliokwaruza, kama injini kubwa ya dizeli inayokataa kuwaka: ukanguruma mara nne, tano, ukakatika. Ulitoka mikokoni. Boila alishika ukingo wa kiti. Ilikuwa miaka tangu sauti imfikie bila yeye kuiwinda. Hii ilikuja yenyewe, nzima, haikupungua hata kipande, akaketi pale mpaka jua likatoka, akiingoja tena kama mtu aliyetembelewa.

Mlio huo haukusikiwa na Boila peke yake. Wiki mbili baadaye ulikuwa habari ya mtaa mzima, na alasiri ya Jumatatu ukafikishwa kijiweni rasmi. Mama Birika aliwamiminia kahawa na kutamka kwamba ni mamba, hakuna cha kujadili, mamba dume mzee aliyefukuzwa mtoni na vijana akaja kumalizia uzee kwenye maji ya chumvi. Kuanzia sasa hatapita kwenye kile kidaraja cha mikokoni, atazunguka.

Pasi alisema mamba hana sauti ile. Yeye alikulia kwenye ng'ombe. Ule ni mlio wa fahali. Zamani, kabla barabara haijafika, fahali wa mtu alizama kwenye lile tope na hakuonekana tena, na kama mnavyojua, debe tupu haliachi kutika.

— Debe limeingiaje hapo? akauliza Wakili.

— Limeingia.

— Huyo fahali alizama mwaka gani?

— Mimi sijazaliwa.

— Basi ananguruma miaka yote hiyo, na sisi tumeanza kumsikia mwezi huu?

Pasi akasema tope nalo lina wakati wake. Wakili akaweka chini kiatu alichokuwa anakishona, ishara kwamba hoja yenyewe inakuja. Chini ya ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni, alisema, kuna tishari lililozama na injini yake ikiwa nzima. Maji yakipwa, hewa huingia kwenye bomba. Yakijaa, hewa hubanwa, na injini hujaribu kuwaka. Kila siku inajaribu. Haijaambiwa kwamba chombo kilizama.

Uongo ule ulikuwa mzuri. Boila, ambaye alikuwa amelipata jambo lote kwa kutazama midomo, alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikisema:

— Ni ndege.

Walimgeukia. Mtu ambaye kwa mwezi husema maneno ishirini amekuja na mawili, tena ya kipuuzi.

— Ndege gani ananguruma hivyo? akauliza Mama Birika.

— Yule korongo mkubwa.

Hapo wakacheka kweli. Yule korongo walimjua wote. Ndege wa rangi ya majivu, mrefu wa kufika mtu mzima kifuani, mwenye mdomo kama mkuki, ambaye maji yakipwa husimama kwenye tope mguu mmoja akakaa saa nzima hajatikisika. Mwaka mzima hawajamsikia hata akikohoa. Wakili alimwita mlinzi asiye na rungu. Mama Birika alisema ndege mwenyewe ana shingo nyembamba kama bomba la birika, hiyo ngurumo itapitia wapi?

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema Pasi, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liletwe methali yake ikaangukia mahali pake. Lakini hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe, maana alikuwa anaisema ili kumtetea fahali.

Boila alipaswa kunyamaza. Hakuweza. Akawasimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo kicheko kilivyopungua. Alikuwa anakwenda kumtazama kila alfajiri, kwa wiki mbili sasa. Hukaa nyuma ya kile kidaraja, mbali, kwa sababu ndege huyo ni mwoga kuliko ukubwa wake. Ukimsogelea huondoka, na pengine asirudi. Yangeyange weupe hulala pamoja kwenye mti mmoja wakigombana kama wapangaji, lakini huyu hakai na kundi. Ana eneo lake la tope na hataki mtu. Huwinda kwa kusubiri. Samaki akikosea, au kaa, au vile visamaki vinavyorukaruka juu ya tope, shingo hufyatuka mara moja basi, huoni kilichotokea, unaona tu kitu kinashuka kooni. Akiruka huikunja shingo mabegani na kuiachia miguu nyuma, na mabawa yake hupiga polepole, kama mtu anayekung'uta shuka pana.

Wala si mmoja, aliendelea. Ni wawili. Siku zote tulizodhani tunamwona yule yule tulikuwa tunaona mke na mume kwa zamu. Wana kiota ndani ya mikoko, juu ya maji, tita la vijiti ovyo ovyo ambalo ungedhani ni takataka zilizoletwa na mafuriko. Mmoja hukaa, mwingine huenda kutafuta. Anayerudi ndiye anayenguruma. Hunguruma kabla hajafika, yule wa kiotani huinuka, hunyoosha shingo, wanasimama hivyo kidogo wakitazamana, kisha wanabadilishana.

— Umeyaona mayai? akauliza Wakili.

— Sijayaona.

— Sasa unajuaje kama kuna mayai?

— Kwa anavyokaa. Hukaa kama mtu aliyepakata glasi iliyojaa. Na mara moja moja huinamisha ule mdomo wote akageuza kitu chini yake, taratibu, kana kwamba mdomo ule haujawahi kuua.

Mama Birika alisahau kumimina. Wakili, aliyeona tishari lake linazama mara ya pili, akasema maneno matupu hayavunji kesi. Akaamuru wote wafike pale benchini alfajiri ya kesho, wasikie na waone.

Walifika. Mbingu ilikuwa ya kijivu, maji yamepwa, na jiko la Mama Birika lilikuwa likitoa moshi zaidi ya moto. Boila alikuwa amevaa shati safi, kama alivyofanya kila alfajiri kwa wiki mbili, bila yeye mwenyewe kujua kwa nini. Waliongea kwa kunong'ona, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuzimwa taa. Akaweka macho mikokoni.

Korongo alikuja kutoka upande wa bahari, chini, karibu agusane na kivuli chake majini. Alitua kwenye tawi la nje, akatengeneza mabawa, akainua shingo yote juu, na koo likavimba. Ngurumo ikatoka. Mara moja, mbili, mpaka tano. Kikombe kilichokuwa kwenye benchi kiligonga sahani. Ndani ya majani shingo ya pili iliinuka, ikasimama mbele ya ile ya kwanza, na baada ya muda yule aliyekuwa amekaa akaruka juu ya vichwa vyao kwenda kutafuta riziki.

Pasi alivua kofia. Mama Birika alisema, polepole, kwamba amekuwa akizunguka njia ndefu na jiko kichwani kwa ajili ya ndege anayemwambia mkewe amefika.

Boila alikuwa anatabasamu kama mtoto. Ilimchukua muda kuona kwamba Wakili anamtazama, tena si kwa macho ya mtu aliyeshindwa. Wakili alikuwa ametambua kitu. Alikuwa ameona kwamba wakati ndege wadogo wa kwenye matete wanapiga kelele za asubuhi kiasi cha kumkera mtu, Boila hakugeuka hata mara moja. Tena, Mama Birika alipomwita mara mbili akampokee kikombe, kilibaki hewani mpaka akamgusa bega. Wakili akamsogelea na kusema taratibu, akihakikisha mdomo wake unaonekana:

— Na kile kilio chembamba cha jike, alipomjibu, umekisikia?

— Nimekisikia, akasema Boila.

— Kilitokea wapi?

Boila akanyoosha kidole kuelekea kiotani.

— Hakukuwa na kilio, akasema Wakili.

Katika maisha yake yote Wakili alikuwa hajawahi kushinda kesi kwa uwazi namna ile, na hapo hapo alitamani asingeifungua. Kidole cha Boila kilikuwa bado hewani. Akakishusha. Akatazama viatu vyake.

Mama Birika ndiye aliyekaa chini karibu naye, akamgeuzia uso mzima, akamuuliza tangu lini. Boila akasema hajui, ni kama kuuliza mtu ameanza lini kuzeeka. Miaka sita, labda saba. Akawaambia habari za Gogo, hata wimbo, hata ule mkono. Halafu akawaambia habari ya mke wake na ile asubuhi ya kufua, na sauti yake ikawa ndogo hivi kwamba sasa ni wao waliolazimika kuinama ili wasikie.

— Mtaa wa pili walisikia, alisema. Mimi nilikuwa natafuta nyaya.

Pasi alitaka sana kusema jambo jema. Akaweka mkono wake mzito begani kwa Boila, akasema kwa upole wote aliopewa na Mungu:

— Ndugu yangu, sikio la kufa halisikii dawa.

Mama Birika alifumba macho. Wakili alimwambia Pasi kwamba akisema nyingine atamshonea mdomo kwa uzi wa buti. Lakini Boila alikuwa ameiona methali yote ikitoka mdomoni, akaanza kucheka, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia, wao wakamfuata. Kicheko kilipokwisha Wakili alimwomba msamaha. Alisema walikuwa wameona kwamba huchelewa kucheka. Walidhani ni mtu wa kupima mambo, wakawa wanamheshimu kwa hilo. Kisha wote watatu, kila mmoja kwa njia yake, wakamwambia aende nyumbani akaseme. Boila alijibu kwamba atasema, atatafuta siku.

Hakupata nafasi ya kuitafuta. Mwanamke alikuwa anakuja kutoka upande wa juu wa barabara, kanga amejifunga vizuri, mkono mmoja ndani ya plasta, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua. Pasi alimtambua wa kwanza, akaingia kibandani akatoka tena, kwa sababu hakuwa na la kufanya huko.

Mtaa hauna siri. Mtu akitoka kila alfajiri na shati safi, akarudi jua limetoka, uso umechangamka, nyumbani kwake hakuna anayesema naye, majirani hujaza mapengo. Mshonaji alikuwa amemwambia mke wa Boila, kwa nia njema, kwamba ni afadhali ajue. Na yeye usiku wa kuamkia siku hiyo aliamua kwamba mtu asiyeinuka mkewe anapovunjika mkono, lakini anaamka gizani kumfuata mwingine, basi na huyo mwingine aonekane.

Alisimama mbele ya benchi. Akamtazama Mama Birika toka juu hadi chini, akaona huyu siye. Akamgeukia mumewe.

— Yuko wapi? akauliza.

Boila alikuwa ameuona mdomo wake vizuri. Alijua kwamba hapa anaweza kucheka, au kunyamaza, au kusema alikuja kunywa kahawa, na wenzake wangemfichia. Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mikokoni. Yule korongo aliyebaki alikuwa amekwisha kukaa, ukionekana mgongo wa kijivu na jicho la manjano juu ya vijiti.

— Yule pale, akasema. Namfuata kwa sababu namsikia.

Mwanamke alimtazama ndege, akamtazama mume.

— Wewe sikusikii, akasema Boila. Sauti yako ilinipotea miaka mingi iliyopita, mke wangu. Siku ile sikuwa nimelala, wala sikukudharau. Hukunifikia. Niliona aibu kukuambia, nikakuacha uamini kwamba nimekuchoka.

Mke wake alibaki amesimama. Wenzake Boila wote walikuwa wameanza kutazama makaa ya jiko kwa bidii. Mwanamke alipokuja kusema, alisema kwa sauti ya kawaida, maana ndiyo aliyokuwa nayo, lakini alimshika mumewe kidevu kwa mkono mzima na kuugeuza uso wake uwe mbele ya wake.

— Siku arobaini nimelala na mgongo wako, alisema. Nimejiuliza nimekosa nini. Nilikuwa tayari hata kuomba msamaha kwa jambo nisilolijua. Na wewe ulikuwa unajua.

— Nilikuwa najua.

— Hilo sijalisamehe bado.

— Najua.

— Lakini la mkono, limekwisha.

Akamwachia kidevu. Mama Birika, bila kuulizwa, akamimina kikombe, na Boila akasogea. Mwanamke hakuwahi kuketi kwenye lile benchi. Alikuwa akilipita tu, kwa miaka, akiona wanaume wanapoteza saa. Akaketi pale kati ya mumewe na Wakili, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akakionja, akakunja uso kwa ukali wake, akaendelea kunywa.

Ikabidi aelezwe kisa chote cha huyo mke mwenza mwenye mabawa, na kila mtu alitaka kukieleza yeye. Pasi alianza na fahali kabla hajakatizwa. Wakili alitoa hoja ya tishari kwa ufupi, kwa heshima ya marehemu. Wakamweleza habari za kiota, za zamu, za kukaa kama aliyepakata glasi, na jinsi anayerudi anavyonguruma na mwenzake akainuka bila kutoa sauti. Mama Birika akauelezea mlio kwa mikono yote miwili. Mwanamke alisikiliza huku akimtazama yule aliyekaa kiotani, peke yake, ametulia juu ya maji ambayo sasa yalikuwa yameanza kurudi na kupanda kwenye mizizi. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akauliza swali, bila kugeuka, akiielekezea mikoko zaidi kuliko watu.

Wakili, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu hata pale lisipohitajika, alichukua kiatu, akatafuta sindano, akakiweka tena chini. Mama Birika akachungulia ndani ya birika.

Boila aliona nyuso zao zimebadilika, akajua kwamba kuna jambo limesemwa na limempita. Alikuwa anajua vizuri mtu hufanyaje hapo. Hutikisa kichwa kidogo, hutazama mbali, hungoja mazungumzo yapinde kona, kisha huungana nayo mbele. Miaka saba amefanya hivyo, hakuna aliyemkamata. Kichwa chake kilikuwa tayari kimeanza kutikisika.

Akamgusa mkewe begani.

— Sijasikia, akasema. Hebu rudia.

Yule mwanamke aligeuka mwili mzima, plasta ikagonga kikombe, kahawa ikamwagika kwenye kanga wala hakuitazama. Akamwekea uso wake mbele, karibu, penye mwanga, akalirudia neno kwa neno, polepole, kama mtu anayemvusha mwenziwe kwenye kidaraja kibovu.

— Nimeuliza: akirudi siku moja akanguruma, na mwenzake hajainuka, yeye atajuaje kama ni kwamba hataki, au ni kwamba hajamsikia?

Boila alilipokea swali lote, hakuna kilichoanguka. Wakakaa, watano, wakitazama maji yakijaa.